Kuanzisha Fanfari ya Wanafunzi katika Kolegi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na wageni wa Yubile, kwa jina la kamati ya kolegi)



Tuliombwa kusema juu ya jambo moja lililoleta maneno mengi katika mikutano ya wazazi. Je, inafaa kolegi yetu iwe na fanfari ya wanafunzi, yaani kikundi cha vijana wenye tarumbeta na ngoma, watakaosimama kando ya kiwanja na kuwatia moyo wachezaji wetu? Wengine wamesema ni furaha ya bure. Wengine wameuliza mabati ya madarasa yatanunuliwa lini. Mzee mmoja alisema kwamba ngoma zilikuwapo tangu zamani na hazikungoja kolegi ijengwe. Maneno hayo yote yana haki yake, wala hatutaki kuyapita kwa haraka. Ila tunawaomba mtusikilize kwanza tukieleza namna jambo hili lilivyoanza mahali pengine, kwa maana si sisi wa kwanza kulifikiri.

Tusichanganye mambo. Orkestri huwapigia watu wanaocheza dansi na wanaolipa. Fanfari ya askari hupiga kusudi miguu iende pamoja. Hii tunayoisema leo ni kitu cha tatu, nacho kimekomaa zaidi katika vyuo vya Marekani. Ni kikundi kidogo cha wanafunzi wanaokaa katikati ya wanafunzi wenzao, wakipiga vipande vifupi sana, pengine vya nusu dakika, kila mara mchezo unaposimama. Mpira ukichezwa, wao wananyamaza au wanapiga kelele kwa midomo yao kama watu wengine. Katika mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya vyuo vya huko, sheria yenyewe inakataza kupiga vyombo wakati wa mchezo, na kikundi kisipite watu 29. Kuna sababu. Mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu James Naismith mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, kusudi vijana wapate mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Na ndani ya nyumba, tarumbeta mia moja zingewaua watu masikio.

Sasa tusikie habari ya chuo kimoja cha Kikatoliki. Chuo Kikuu cha Notre Dame kiko katika jimbo la Indiana, karibu na mji wa South Bend. Kilianzishwa tarehe 26 Novemba 1842 na Padri Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, aliyefika huko pamoja na Mafurere wachache, naye akiwa na umri wa miaka 28 tu. Mapadri wa shirika hilo si wageni kabisa katika nchi za kwetu. Tangu mwaka 1958 walifanya kazi magharibi mwa Uganda, na mmoja wao, Vincent McCauley, alikuwa Askofu wa kwanza wa Fort Portal, mwaka 1961. Wakristu wenye asili ya Beni wanajua kwamba Fort Portal ni ng'ambo tu ya milima ya Ruwenzori.

Basi, chuo hicho hakikuwa bado na miaka mitano, nyumba zake zilikuwa chache na wanafunzi hawakuwa wengi, na tayari kilikuwa na fanfari. Wenyewe huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1845, na kwa hiyo husema kwamba kati ya fanfari zote za vyuo vya Marekani ambazo hazikukatika kamwe, yao ndiyo ya kale kupita zote. Tena angalieni: wakati ule hapakuwa na timu ya kushangilia. Fanfari ilipiga siku za sikukuu na siku za kutoa vyeti. Mwaka 1871, moto mkubwa ulipoteketeza mji wa Chicago, ilipiga muziki kwa kuwasaidia walioharibikiwa. Timu ya mpira, ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, ilikuja nyuma sana. Tarehe 23 Novemba 1887 wanafunzi wa Michigan walifika Notre Dame kuwaonyesha wenzao mchezo huo, wakawashinda 8 kwa 0. Fanfari ilikuwapo. Tunaipenda sana habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba fanfari iliitangulia timu kwa miaka 40 na zaidi, na siku ya kwanza ya kuisindikiza uwanjani, timu ilishindwa. Na hawakuiacha.

Wimbo wao wa ushindi, ambao leo unajulikana Marekani yote, uliandikwa na ndugu wawili waliosoma hapo, Michael na John Shea. Michael alitunga sauti, John akaweka maneno, na hati yake ni ya mwaka 1908. Huyo Michael akawa padri. Tena mara ya kwanza wimbo huo ulipopigwa mbele ya watu, haukupigwa kiwanjani, bali kwa kinanda cha kanisa moja la Waprotestanti katika mji wao wa Holyoke. Tunayataja haya kwa ajili ya wale wanaofikiri kwamba muziki wa kiwanja na muziki wa watu wa Mungu hauna ujamaa hata kidogo. Tutarudi kwenye jambo hilo, maana Mapadri wana haki ya kuuliza.

Mtu atasema: Notre Dame ni chuo kikubwa na tajiri. Ni kweli leo. Lakini hakikuwa hivyo mwaka 1845, na si chuo hicho peke yake kilichoanza na kidogo. Katika jimbo lilelile la Indiana, katika chuo cha Purdue, fanfari ilianza mwaka 1886 na wanafunzi watano wenye ngoma tu. Watano! Kila mmoja wetu anaweza kuwahesabu kwa mkono mmoja. Mwaka 1907 fanfari hiyo, ambayo ilikuwa imekwisha kukua, ilivunja safu zake za kijeshi katikati ya kiwanja na kusimama kwa umbo la herufi P, jambo ambalo watu husema halikufanywa mbele yao na fanfari nyingine yoyote.

Wala si lazima kuvuka bahari. Hapa kwetu Kongo, mjini Kinshasa, ndugu zetu Wakimbangu walianzisha mwaka 1994 orkestri kubwa ya vinanda vya nyuzi na tarumbeta. Aliyewaongoza, Bwana Armand Diangienda, alikuwa rubani wa ndege aliyekosa kazi. Vayolini zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakazipokezana: mmoja anapiga, mwenzake anangoja zamu. Leo orkestri hiyo imepiga muziki hata Ulaya. Sisi Wakatoliki tusione haya kujifunza kwa jirani.

Ndiyo maana tunashikilia neno hili moja: kinachoanzisha fanfari ni watu wachache wanaokubali kuja kila juma, mvua inyeshe au isinyeshe. Vyombo vinafuata. Kolegi iliyoanza kwa kununua vyombo 30 mbele ya kupata vijana kumi wanaofanya mazoezi itakuwa na ghala ya shaba, basi.

Juu ya vyombo tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotea. Kuna mtu mmoja ambaye kila mpiga tarumbeta ana deni kwake, naye ni Mbelgiji: Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, mwaka uleule aliozaliwa Padri Sorin. Watu wanamjua kwa saksofoni, aliyopata hati yake mjini Paris mwaka 1846. Lakini kwa maskini kazi yake nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Katika miaka hiyo ya 1840 alitengeneza ukoo mzima wa tarumbeta za shaba, kubwa kwa ndogo, ambazo vidole hushikwa kwa namna moja. Maana yake ni hii: kijana aliyejifunza chombo kidogo anaweza kupewa kile kikubwa kesho yake bila kuanza masomo upya. Mwenzake akiugua, yeye anaziba nafasi. Ni kwa njia hiyo wafanyakazi wa migodi na wa viwanda vya Ulaya, watu wasio na mwalimu wa muziki, waliweza kuwa na fanfari zao.

Kwa hiyo shauri letu ni kuanza na shaba na ngoma, na kuacha saksofoni kwa baadaye, ijapokuwa tunajua kwamba kila kijana anaitaka saksofoni kwa sababu ameiona mikononi mwa wanamuziki wa orkestri. Saksofoni ina matundu mengi yanayofunikwa na vifuniko vyenye ngozi, na ngozi hiyo huharibiwa na unyevu wa nchi yetu. Kifuniko kimoja kisipofunga vizuri, chombo chote kinalia kama mbuzi. Tena ule ubapa wa tete unaowekwa mdomoni hupasuka mara kwa mara, na dukani hapa haupatikani. Tarumbeta ina vifungo vitatu tu. Inahitaji mafuta kidogo, maji ya uvuguvugu ya kuisafisha ndani, na mtu asiyeiangusha. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kupatikana.

Tumefikiri watu 12: tarumbeta tatu, tromboni mbili, tarumbeta kubwa mbili za sauti ya kati, tuba moja, ngoma kubwa moja, ngoma ndogo mbili, na matoazi. Mwanzoni watatu wenye tarumbeta wanaweza kuwa sita, kwa zamu, kila mmoja akiwa na kidomo chake mwenyewe cha kupulizia. Midomo ya anayeanza huchoka baada ya dakika 20, basi anayengoja hapotezi kitu, anapumzika na kusoma noti. Vipande vinne vifupi vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Tumesikia vikundi vinavyopiga nyimbo 20 vibaya. Afadhali vinne ambavyo hata wasichana wanaouza karanga nje ya kiwanja watavipiga mluzi.

Na vipande hivyo viwe vya nani? Kuna wanaotaka nyimbo za Ulaya kwa sababu noti zake zimeandikwa tayari. Mwanamuziki W. C. Handy, Mmarekani Mweusi, alifundisha muziki tangu 1900 mpaka 1902 katika chuo kimoja cha Weusi huko Alabama, ambako wakuu walidharau muziki wa watu wao wenyewe. Yeye alisimulia baadaye kwamba alichukua kipande cha muziki huo uliodharauliwa, akakipa jina la heshima lenye maana ya «Maendeleo makubwa zaidi», nao wakakisikiliza kwa furaha. Sisi hatuna haja ya hila hiyo. Nyimbo za mama zetu, za kutwanga na za kupiga kasia, zina mapigo ambayo tarumbeta inayapenda. Mwalimu wa kwaya amekubali kuandika mbili.

Sasa tuje kwenye mambo mazito, ambayo kwayo wengine wanaogopa, na wana haki ya kuogopa.

La kwanza. Huko Florida, katika mji wa Tallahassee, kuna chuo cha Weusi chenye fanfari ya sifa kubwa, iliyolelewa na Profesa William P. Foster tangu mwaka 1946. Tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, fanfari hiyo ndiyo iliyoiwakilisha Marekani katika njia kuu ya Paris. Lakini mwezi wa Novemba 2011, baada ya mchezo, mpigaji mmoja kijana alipigwa na wenzake ndani ya basi kwa desturi ya kuwajaribu wanachama, naye akafa. Fanfari ikasimamishwa mpaka mwaka 2013. Wazazi, desturi hiyo tunaijua. Katika vyuo vyetu vikuu wageni huteswa, na mateso hayo huitwa «ubatizo», jina ambalo sisi Wakristu tungepaswa kuona uchungu kulisikia. Kikundi chenye fahari, chenye mavazi yake na siri zake, ndicho kinachoweza kuanguka humo upesi zaidi. Kwa hiyo tumeandika katika sheria ya kwanza kabisa, mbele ya sheria juu ya vyombo: hakuna majaribu ya kuingia isipokuwa ya muziki, mwalimu mmoja yupo kila mazoezi na kila safari, na anayempiga au kumdhalilisha mwenzake anatoka siku hiyohiyo, hata awe mpigaji bora. Kama wazazi hawawezi kukubali sharti hilo kwa watoto wao wenyewe, afadhali fanfari isianzishwe.

La pili ni kukodishwa. Mara fanfari itakaposikika, watu watakuja na bahasha. Mwenye baa atataka ipigwe mbele ya mlango wake. Mkubwa fulani atataka impokee kwenye uwanja wa ndege siku ya masomo, na kukataa itakuwa vigumu. Tunasema wazi mbele ya Baba Askofu na mbele ya wakubwa waliokuja leo: fanfari ya kolegi isipige katika mikutano ya vyama wala kwa kutangaza pombe. Kwa matanga ya mzazi wa mwanafunzi, iende, bila malipo. Tumejadiliana sana juu ya ndoa. Wengi walikubali, wawili walikataa, na sisi tunaona wale wawili walikuwa na sababu, maana ndoa ni kila Jumamosi na mitihani ni mwezi wa sita.

La tatu, matusi. Fanfari ni sauti ya wanafunzi wote, na sauti kubwa ikiwa mikononi mwa kijana mwenye hasira inaweza kuwasha uwanja mzima. Haitampigia mwamuzi. Haitapiga mchezaji wa upande mwingine akiwa amelala chini ameumia. Timu ya ugenini ikifika bila fanfari, yetu itaipigia kipande kimoja cha kuikaribisha. Wachezaji wetu hawakupenda neno hilo la mwisho. Tunawaomba wavumilie.

Na wasichana? Huko Notre Dame, wasichana wa kolegi jirani ya Saint Mary's waliingia katika fanfari mwaka 1970, miaka miwili mbele ya chuo chenyewe kuanza kuwapokea wasichana katika masomo yake mwaka 1972. Fanfari ilifungua mlango wa kwanza. Masista wa shule ya jirani wametuuliza juu ya saa za kurudi nyumbani. Mazoezi yatakwisha saa kumi na moja, jua likiwa bado juu, na hakuna safari ya kulala nje mwaka wa kwanza.

Juu ya kanisa, tunajua kwamba Papa Pio wa kumi, katika maandiko yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alikataza kabisa fanfari ndani ya kanisa, akaacha Askofu airuhusu katika maandamano ya nje, mradi isipige vipande vya kidunia. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua njia kwa vyombo vingine, kwa idhini ya wenye mamlaka na kama vinafaa kwa ibada. Hatuombi kuingia kanisani. Tunaomba tu, Baba Askofu akipenda, kusindikiza maandamano ya Sakramenti Kuu na ya Bikira Maria, kwa nyimbo za kanisa, zile ambazo kwaya imezipima. Vipande vya kiwanjani vitabaki kiwanjani. Mpigaji atakayevichanganya kwa makusudi atakuwa na mazungumzo na Bwana Paroko, na sisi hatutakuwapo kumtetea.

Yabaki mabati. Wazazi, hatuombi hata franka moja ya mabati. Sanduku la madarasa lisiguswe. Fanfari itakuwa na sanduku lake na daftari lake, litakalosomwa kila mwisho wa muhula mbele yenu. Vyombo vitakuwa mali ya kolegi, si ya mwalimu wala ya mpigaji, vikiwa na namba zilizochongwa kwenye shaba, na ufunguo wa ghala utakaa kwa Bwana Prefe. Kama kuna nyumba yenye tarumbeta ya zamani ya babu aliyekuwa askari au mskauti, imetobolewa au imepindika, msiiuze kwa mafundi wa masufuria. Ileteni. Fundi wetu wa baiskeli anajua kulehemu shaba, naye ameahidi kuitazama.

Mpaka tulipoandika maneno haya, wanafunzi tisa wamekwisha kuandikisha majina, watatu kati yao ni wasichana. Tuna ngoma mbili za skauti na tarumbeta moja isiyo na kidomo. Mazoezi ya kwanza ya noti yatafanyika Jumatano nyuma ya masomo, katika darasa la kwanza, na kila mmoja aje na daftari na kalamu ya risasi.